Mashine Haisagi Upepo

"Hii imeshasagwa," alisema Mama Mashine.

Alikuwa ametia mkono kwenye ndoo ya Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa mtaa, kama anavyotia mkono kwenye kila chombo kinacholetwa mlangoni pake, na badala ya kugusa punje, vidole vyake vilizama kwenye unga laini, mkavu, mweupe. Aliutoa mkono akautazama. Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kifundo.

"Isage tena," alisema Mwenyekiti. "Iwe laini zaidi."

"Nilikusagia mwenyewe juzi."

"Ndiyo maana nimerudi. Mteja akiridhika hurudi."

Mwenyekiti alisema hivyo bila kupepesa macho. Alikuwa amekalia ndoo nyingine iliyopinduliwa kando ya mlango, miguu kainyoosha, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Alifika kabla mlango haujafunguliwa. Siku hizi kila asubuhi kulikuwa na mtu aliyefika kabla mlango haujafunguliwa, na kila jioni kulikuwa na mtu aliyehakikisha umefungwa, na kati ya hao wawili walipita wengine, wakibadilishana ile ndoo kama walinzi wa benki.

Mama Mashine alivuta pumzi. Akaubeba unga wa Mwenyekiti, akaumimina kwenye mdomo wa mashine, akabonyeza swichi. Mota ikaguna, mkanda ukashika, na chumba kizima kikajaa ngurumo. Unga uliingia unga, ukatoka unga. Mwenyekiti aliendelea kusogeza midomo pale kwenye ndoo yake, pengine akisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, maana alikuwa akilisema hilo kila siku, lakini hakuna kilichosikika. Hapo ndipo Mama Mashine alipoipendea mashine. Ikiunguruma, hakuna awezaye kukupa pole.

Mumewe alikuwa amefariki ghafla, mvua zilipokuwa zikikatika. Watu wa mtaa walimwita mkewe Mama Mashine tangu zamani, kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, na jina la mama halina budi lipate pa kutua. Hakuwahi kulichukia. Mumewe alisimama kwenye mashine na yeye kwenye mizani, na alipochoka kusimama alibadilishana naye, na kwa namna hiyo alijifunza kila nati ya chombo kile bila mtu yeyote kutangaza kwamba anafundishwa. Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache na sheria mbili. Ya kwanza, usimimine kitu kabla hujakigusa kwa mkono wako. Ya pili, mashine haisagi upepo: punje zikiisha, zima, maana ikikosa cha kusaga itajila yenyewe.

Sasa tatizo la Mama Mashine halikuwa upweke. Angeupata wapi? Kikundi cha wanawake wa mtaa kilikuwa na sheria yake: mwanamke aliyepinduliwa na maisha haachwi peke yake. Awe amefiwa, ameachwa, amejifungua mtoto wa kwanza, au ni binti aliyerudi nyumbani na tumbo katikati ya masomo, atawekewa zamu, na zamu itaendelea mpaka yeye mwenyewe aseme "inatosha". Ni sheria nzuri sana ukiisikia. Ubaya wake ni kwamba hakuna aliyewahi kusema inatosha akasikilizwa. Ukisema kwa upole, wanasema maskini, anatuonea haya. Ukisema kwa kununa, wanasema mnaona, bado hajakaa sawa, na zamu inaongezwa mtu.

Na aliyeitunga sheria hiyo, neno kwa neno, alikuwa Mama Mashine mwenyewe. Ilikuwa mwaka ule mume wa Msusi wa saluni ya ng'ambo alipoondoka na sanduku na redio. Mama Mashine alisimama kwenye kikao akasema haiwezekani mwenzetu alale peke yake na mawazo, tugawane siku. Wakagawana. Yeye alichukua siku mbili, na kwa siku zote hizo alikaa nyuma ya kiti cha Msusi akimwambia lia, mwenzangu, lia tu, usijizuie, huku Msusi akijaribu kumaliza kichwa cha mteja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wamesema wahenga. Huyu alikuwa ameshafika chini kabisa, na juu wenzake walikuwa wameinama ukingoni wakimuuliza kama ameshakula.

Walimchosha. Hakuna neno lingine. Walimpangia vyombo jikoni kwa mtindo wao, hadi ikawa akitaka kijiko inabidi aulize. Walimkunjia nguo za marehemu, wakazifungua, wakajadili, wakazikunja tena. Akikaa kimya walimtazama, akicheka walitazamana. Kulia ndiyo kabisa hakuweza. Kila macho yalipoanza kumwasha, mtu alishamwekea kitambaa mkononi na kumkalia karibu, akimngoja kama anayengoja maji yachemke, na machozi yalirudi yalikotoka. Alikuwa mjane ambaye hajapata hata nafasi ya kumlilia mumewe.

Halafu likaja hili la kusaga. Wakati wa msiba mashine ilizimwa, na wateja wakahamia kwenye mashine za barabara kuu, kama ilivyo kawaida ya tumbo kutosubiri. Ilipowashwa tena hawakurudi. Kikundi kikaona kichukue hatua. Kila mwenye zamu alikuja na chombo. Mmoja alileta mahindi yanayotosha kuku wawili. Mwingine alileta pumba. Mashine ambayo ilizoea magunia ikawa inawashwa kwa ajili ya bakuli, inaguna, inakohoa, inazimwa, inawashwa tena, na hakuna kitu kinachochosha mota kama kuwashwa na kuzimwa. Mama Mashine aliwaeleza. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Tunakuunga mkono," walisema.

"Mnaniua mota," alisema.

"Usiseme habari ya kuua, mwenzetu. Bado mapema."

*

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja katikati ya wiki. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alikaa kwenye gunia, akakataa chai, akatazama mota ambayo yeye na mdogo wake waliinunua pamoja wakiwa vijana.

"Shemeji," alisema, "mimi sikufukuzi. Nyumba ni yako. Lakini mashine ni jasho letu wawili, na mashine iliyolala huoza. Nasikia hapa siku hizi ni kijiwe cha wanawake."

"Nani kasema?"

"Kila mtu." Wakati huohuo Mwenyekiti alikuwa kwenye ndoo yake, akitazama dari kama hayumo. "Jumamosi nitakuja na bwana mmoja mwenye mashine kule barabara kuu. Anatafuta ya tatu. Nikikuta inafanya kazi kama ilivyofanya kwa marehemu, nitamwambia tumeghairi, nami sitalitaja tena. Nikikuta imelala nawe umekaa na mashoga zako, ataichukua. Sitaki tugombane."

"Hatutagombana," alisema Mama Mashine.

Alipoondoka, Mwenyekiti alifungua mdomo. Mama Mashine akabonyeza swichi. Mdomo wa mashine ulikuwa mtupu, nyundo zikizunguka ndani zikipiga hewa, na alipokumbuka alichokuwa anafanya alizima haraka kwa aibu, kama aliyeshikwa na mumewe.

"Jumamosi msije," alimwambia Mwenyekiti katika ule ukimya. "Nakuomba. Waambie wote. Niachieni siku moja tu nifanye kazi yangu."

"Tumekuelewa," alisema Mwenyekiti kwa upole wa kutisha.

Ijumaa jioni zamu ilikuwa ya Mwanafunzi. Huyu alikuwa binti wa mtaa wa nyuma, aliyepata mtoto akiwa bado shuleni, na ambaye kikundi kilimsindikiza tangu tumbo lilipoonekana mpaka siku aliporudi darasani akiwa na sare mpya na mtoto kamwachia bibi yake. Sasa na yeye alihesabiwa mwanachama. Alikuja bila chombo. Alikaa juu ya magunia, akafungua daftari la hesabu, akafanya kazi yake ya shule bila kusema neno. Mama Mashine alipaka nati grisi. Kwa muda mrefu kilichosikika ni penseli na spana.

"Wewe mbona huniambii niwe na moyo?" aliuliza Mama Mashine mwishowe.

Binti aliinua kichwa. "Waliniambia mimi kila siku, mama. Moyo wenyewe ukachoka." Akafuta jibu, akaandika jingine. "Siku moja niliwaambia inatosha."

"Wakasemaje?"

"Wakaniongezea wawili."

Mama Mashine alicheka. Alicheka mpaka akaegemea mashine, na binti hakumtazama kwa wasiwasi wala hakumtafutia kitambaa. Aliendelea na hesabu zake. Ilikuwa zamu nzuri kuliko zote, na ilipoisha Mama Mashine alijishangaa kuona anamsindikiza mtu hadi mlangoni kwa hiari.

"Kesho wanakuja?" alimuuliza.

Mwanafunzi alishughulika kufunga mkoba wake. "Mimi nimeambiwa nije na maharage," alisema.

*

Walikuja. Wote.

Foleni ilianzia mlangoni ikapita uani ikaishia kwenye geti, ndoo, beseni, sufuria, mifuko, na kila mwanamke kavaa kama anayekwenda kupiga picha. Mama Mashine alisimama kizingitini na ufunguo mkononi. Alipita akitia mkono kwenye vyombo. Unga. Pumba. Unga. Mtama ulioliwa na wadudu. Mwanafunzi, mwanawe mgongoni, aliinamisha macho akampa beseni lake.

"Nani anasaga maharage?"

"Mtoto hana meno," alijibu Mwenyekiti kwa niaba yake. Ndoo yake mwenyewe ilikuwa na ule unga wa juzi, sasa ukielekea kusagwa mara ya tatu. "Usituharibie, Mama Mashine. Shemeji yako anataka kuona watu. Ataona watu."

"Niliwaambia msije."

"Ulisema kwa uchungu. Hatukuchukulia."

Hapakuwa na muda wa kujibu, kwa sababu Shemeji alikuwa ameshaingia getini na yule bwana. Mnunuzi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, kama walivyo wote waliozeeka kwenye mashine, na kurunzi ndogo kwenye mfuko wa shati. Alipita katikati ya foleni akisema samahani akina mama, samahani, akaingia, akaigonga mashine kwa kiungo cha kidole kama anayechagua tikitimaji.

"Inafanya kazi?" aliuliza.

"Inafanya," alisema Mama Mashine.

"Chekeche lake la lini?"

Aligeuka kuchukua chekeche la akiba lililoning'inia ukutani amwonyeshe, na huko kugeuka ndiko kulikoharibu kila kitu. Mwenyekiti aliona mashine imesimama na mgeni anatazama, na mwanamke yule hakuwahi kuona kitu kimesimama asikisukume. Alilipokonya beseni la Msusi, aliyechelewa kufika akapishwa mbele ya foleni, na kabla Mama Mashine hajaligusa akalimimina lote kwenye mdomo wa mashine, akabonyeza swichi mwenyewe.

Yalikuwa mahindi mazuri. Yalikuwa yanang'aa. Yaling'aa kwa sababu Msusi, asubuhi ile, akitaka mwenzake asiaibike mbele ya wakwe, alikuwa ameyaosha.

Mama Mashine alisikia kabla hajaona. Ngurumo ilizama, ikawa nzito, kama mtu anayezungumza huku anakula. Halafu mkanda ukapiga yowe. Harufu ya mpira unaoungua ikajaa chumbani, alipoifikia swichi mkanda ukakatika na kuchapa ukuta wa upande wa pili, na kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Chini ya mashine, kwenye mfuko wa kupokelea, haukutoka unga. Lilitoka tope jeupe, tone moja, likaning'inia.

"Maji yamezidi unga," alisema mtu kule uani, na hakuna aliyecheka.

Msusi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Niliyaosha tu," alisema. "Niliyaosha yawe safi."

Mama Mashine aliweka chekeche chini. Aliliweka polepole sana.

"Nimechoka," alisema. "Sikilizeni wote, na walio kwenye geti wasogee. Nimechoka na nyinyi. Nimechoka kukaliwa mlangoni. Nimechoka kuulizwa nimelalaje. Nililala vibaya, nitalala vibaya tena leo, ni kitanda changu. Mmenihamishia vijiko. Mmenisagisha unga ambao niliusaga. Mume wangu kafa na hamjanipa hata nafasi ya kumlilia, kila nikianza mnanitazama kama mko sinema. Mimi ndiye niliyesema mtu asiachwe peke yake, najua, msinikumbushe. Nilikuwa mjinga, nilikuwa na mume. Sasa nasema mbele ya mashahidi: inatosha. Tokeni."

Hakuna aliyesema maskini. Mwenyekiti alimtazama usoni. Akachukua ndoo yake ya unga. Wakatoka mmoja mmoja, wakiwa wamebeba vyombo vyao, na Msusi alitoka wa mwisho akiwa na beseni tupu.

"Umeona sasa?" alisema Shemeji, na hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu aliyetamani kukuta kitu kingine.

"Nipishe, shemeji."

Alifungua mashine. Alichomoa chekeche lililozibwa, akalikwangua kwa kisu tundu baada ya tundu, akalikuta limepinda, akaweka lile la akiba. Alitia mkono ndani na kutoa tope lililokwama kwenye nyundo, akazifuta kwa kitambaa kikavu. Shemeji alianza kusema kwamba hapo inabidi ulegeze kwanza, akakuta ameshalegeza. Kwenye msumari nyuma ya mlango ulining'inia mkanda mpya ambao marehemu aliununua wakati ule mvua zinaanza, na bado ulikuwa umefungwa kwa kamba yake, kwa fundo lake yeye, lile la kuvuta mara moja. Mama Mashine alilitazama fundo lile kidogo. Kisha akalivuta.

Aliisukuma mota nyuma mpaka mkanda ukakaa sawasawa, akakaza nati, akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Akawasha. Mashine iliguna, ikashika, ikaimba. Mnunuzi alitikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, na hilo ndilo lililomtia Mama Mashine hofu, maana alikuwa ametoka kumnadia vizuri kitu asichotaka kukiuza. Akazima.

"Mashine nzima," alisema Shemeji. "Nakiri. Na wewe unaijua. Lakini wateja wako wapi?"

Walitazama nje wote watatu. Ua ulikuwa mtupu. Palikuwa na ndoo moja tu, ile iliyopinduliwa, kando ya mlango.

Mama Mashine alitoka hadi getini. Hakujua anachokwenda kufanya. Alikuwa na hasira bado, na ndani ya hasira alikuwa ameanza kuogopa.

Walikuwa ng'ambo ya barabara. Waliambiwa watoke, wakatoka, lakini hakuna aliyewaambia waende mbali. Walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta wa saluni ya Msusi, kila mtu na chombo chake mapajani, kwa mpangilio uleule wa foleni. Msusi alikuwa amepata mahindi mengine, makavu. Mwanafunzi alikuwa mwisho, akimbembeleza mtoto. Hawakumpungia mkono. Walimtazama tu, na alijua, kwa jinsi alivyowajua miaka yote ile, kwamba wangekaa pale mpaka giza liingie bila kuvuka, kwa sababu ameshalisema lile neno na safari hii wamelisikia, na kwamba wasingevuka mpaka awaite.

Kuita ndiko kulikomshinda. Aliuma mdomo. Alitazama vyombo vile vya kipuuzi, unga na pumba na maharage. Nyuma yake alisikia Mnunuzi akimuuliza Shemeji habari za gari la kubebea.

"Anayefuata," alisema Mama Mashine.

Alilisema kwa sauti ya kazini, ileile aliyoitumia kwenye mizani miaka na miaka, bila kumtazama mtu. Msusi akasimama. Akavuka barabara na beseni lake, akalinyoosha mbele, na Mama Mashine akatia mkono ndani mpaka chini kabisa, akazipapasa punje, akasema, "Haya, ingia."

Wakavuka wote. Safari hii hakuna aliyegusa swichi. Alisaga mahindi ya Msusi. Kisha ikafika ndoo ya Mwenyekiti, na Mnunuzi, kwa mazoea ya kazi, naye akatia mkono.

"Mama, huu si unga?"

"Ni unga."

"Na unataka usagwe?"

"Uwe laini zaidi." Mwenyekiti alimpima kwa macho toka kurunzi hadi viatu. "Wewe ndiye unayenunua? Karibu sana. Sisi ndio wateja wa hapa. Huwa tunafika kabla hujafungua. Huyu anaketi asubuhi, yule mchana, mimi naketi wakati wowote. Nyumbani una mke? Anajisikiaje? Tutamtembelea."

"Mimi ningeweka kijana tu wa kusimamia," alisema Mnunuzi.

"Tutamwangalia na yeye," alisema Msusi.

"Atakula wapi?" aliuliza mwingine.

"Na hayo mavumbi, yeye kifua chake kikoje?"

Mama Mashine alimwaga unga ndani na kuwasha, akawaachia. Hakusikia yaliyoendelea. Aliona tu yule bwana akirudi nyuma hatua kwa hatua, na wale wanawake wakimfuata na ndoo zao, midomo ikienda, hadi wote wakawa nje. Alipozima, sauti ya Mnunuzi, iliyozoea kushindana na mota, ilianguka katikati ya ukimya.

"Mashine nimeipenda, ndugu yangu. Lakini hii si mashine peke yake. Ukiinunua hii umenunua na hawa."

Shemeji aliingia kuaga. Koti lake lilikuwa na unga begani na hakuufuta. Alisimama akiutazama mkanda mpya, na Mama Mashine aliona ameitambua mikunjo ya lile fundo kwenye kamba iliyobaki sakafuni, kwa sababu aliinama akaiokota, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mkanda mpya hulegea," alisema. "Ukaze tena baada ya siku chache."

"Najua, shemeji."

"Najua unajua," alisema, akaondoka.

*

Jumatatu alipofika kufungua, hapakuwa na mtu mlangoni.

Alitazama ng'ambo. Saluni ilikuwa wazi, Msusi anafagia, na alipoinua kichwa alimwamkia kwa mbali akarudi kwenye ufagio wake. Ndoo ilikuwa pale ilipoachwa, imelala ubavu, imesukumwa na upepo. Mama Mashine aliingia ndani. Alitundika mkoba. Alitazama mizani, na mahali pa kusimama pembeni ya mota, pale ambapo sakafu imelika kwa viatu vya mtu mmoja. Hakuna aliyemuuliza amelalaje.

Alikwenda akasimama pale. Mdomo wa mashine ulikuwa mtupu, hata punje moja. Akabonyeza swichi.

Iliunguruma bure, nyundo zikipiga upepo, kila kitu ukutani kikitetemeka, na Mama Mashine aliweka viganja vyote viwili juu ya bati lenye joto akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, akimwita mumewe kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Alilia mpaka kikabaki kikohozi tu. Ndipo akamwomba radhi, akazima.

Mota ilichukua muda kutulia. Alinawa uso kwenye bomba la uani. Kisha akaiokota ile ndoo, akaipindua, akafuta kitako chake kwa upindo wa aproni, upande huu na upande ule, akaiweka kando ya mlango, palepale, akaingia ndani.